Gatsby na Deni la Wakati Uliopita

Kitabu cha mtungaji wa Kimarekani F. Scott Fitzgerald kiitwacho The Great Gatsby kilitolewa New York tarehe 10 Aprili 1925. Kilipotoka hakikununuliwa kwa wingi kama mtungaji alivyotumaini, na alipofariki huko Hollywood mwezi wa Desemba 1940, akiwa na umri wa miaka 44, nakala za chapa ya pili zilikuwa zimelala bado katika ghala ya wachapaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nakala zipatazo 155,000 zilichapwa kwa ajili ya askari wa Marekani, na tangu hapo jina la kitabu halikushuka tena. Leo kimo katika orodha ya kila msomaji wa fasihi ya nchi ile. Jambo linalosomwa na watu wengi namna hii huwa katika hatari ya kudhaniwa kuwa limekwisha kueleweka. Sidhani kuwa hili limekwisha.

Nimekisoma kitabu hiki pamoja na wanafunzi kwa miaka kadhaa, na kila mara ubishi huwa ule ule. Wengine husema kuwa Gatsby ni mtumwa wa mali, akaadhibiwa kwa tamaa yake. Wengine husema kuwa ni shahidi wa mapenzi, na mali kwake ilikuwa vazi tu. Wachache husema kuwa ni mjinga ambaye hakupata kuambiwa kuwa yaliyopita si ndwele. Kila kundi lina ushahidi wake, wala hapana lililopotoka kabisa. Lakini naona kuwa yote matatu yanagawanya kitu kisichogawanyika. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa mali, mwanamke na wakati uliopita si tamaa tatu katika moyo wa mtu huyu. Ni tamaa moja yenye nyuso tatu, na mzizi wake ni uongo uliosemwa, au tuseme ulioachwa bila kukanushwa, katika mji wa Louisville mwaka 1917.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajakipata kitabu, nakumbusha kisa kwa ufupi. Msimulizi ni Nick Carraway, kijana wa Marekani ya kati aliyekuja New York katika majira ya joto ya mwaka 1922 kujifunza biashara ya hati za dhamana. Amepanga nyumba ndogo kwa dola 80 kwa mwezi, na jirani yake ni Jay Gatsby, tajiri mwenye jumba kubwa ambalo kila mwisho wa juma hujaa wageni wasioalikwa. Ng'ambo ya ghuba akaa Daisy, binamu yake Nick, pamoja na mumewe Tom Buchanan, mtu wa nguvu nyingi na fikira chache, tajiri kwa urithi. Polepole twajua kuwa Gatsby na Daisy walipendana miaka mitano nyuma, alipokuwa yeye ofisa wa jeshi asiye na kitu. Kwamba alikwenda vitani Ulaya. Kwamba bibi hakungoja, akaolewa na Tom mwezi wa Juni 1919. Na kwamba jumba lile na karamu zile zote ni mtego uliotegwa ili siku moja Daisy apite karibu. Nick anawakutanisha. Mapenzi yanafufuka kwa majuma machache, kisha yanavunjika siku moja ya joto kali katika Hoteli ya Plaza. Jioni ile ile Daisy, akiendesha gari la Gatsby, anamgonga na kumwua Myrtle Wilson, hawara wa Tom. Gatsby anajitwika kosa. Mume wa Myrtle anampiga risasi katika bwawa la kuogelea, kisha anajiua.

Sasa na tutazame mali. Mpenda mali huijua kwa dalili mbili: huihesabu, na huionea uchungu anapoitoa. Gatsby hana hata moja. Katika karamu zake hanywi, hachezi, wala wengi wa wageni wake hawamjui kwa sura. Maktaba yake imejaa vitabu vya kweli, si maganda ya kupamba ukuta, lakini kurasa zake hazijakatwa, maana hakuna aliyevifungua. Siku Daisy anapolitembelea jumba, Gatsby anazitazama tena mali zake zote, akizipa thamani kwa kadiri ya macho ya mgeni wake yanavyozipokea. Anatoa mashati kabatini, anayarusha mezani moja baada ya jingine, mpaka Daisy anainama juu ya lundo lile na kulia. Wanafunzi huuliza: analia nini? Huenda analia kwa uzuri wa nguo, kama anavyosema mwenyewe. Huenda analia kwa kuwa anaona ushahidi wa yale ambayo angeyapata kama asingefanya haraka. Lolote liwalo, mwenye mashati hayaoni mashati. Kwake ni risiti. Anaonyesha kuwa amelipa.

Amelipa nini? Hapa ndipo yatupasa kurudi Louisville. Gatsby alipoingia mara ya kwanza katika nyumba ya Daisy, alikuwa kijana maskini aliyefunikwa na sare ya jeshi, na sare ina sifa moja: humfanya mwana wa mkulima na mwana wa tajiri wafanane. Alijua kuwa asingeruhusiwa kupita mlango ule kwa jina lake na hali yake. Basi akamwacha binti aamini kuwa yeye ni wa tabaka lile lile, aweza kumtunza kama alivyozoea kutunzwa. Fitzgerald halifichi jambo hili; analieleza wazi, tena katika sura za mwisho, baada ya msomaji kwisha kumhurumia shujaa wake. Naona kuwa wahakiki wengi hulipita upesi mno. Mapenzi yale ambayo Gatsby ataka kuyarudia hayakuwa ya kweli kwa upande mmoja: Daisy alimpenda mtu ambaye hakuwako.

Tukishika jambo hili, mengi yanafunguka. Gatsby hakutafuta mali ili amnunue Daisy. Alitafuta mali ili uongo wa mwaka 1917 ugeuke kuwa kweli. Alikuwa na deni, na aliyemwia ni yule binti wa miaka 18 aliyemwamini. Kama angeweza kuwa tajiri, na kama Daisy angeweza kurudi mpaka siku ile, basi ingekuwa kana kwamba hakumdanganya kamwe. Ndiyo maana utajiri wa kesho peke yake haumtoshi, wala Daisy wa leo peke yake hamtoshi. Vyote viwili havina maana kwake mpaka vipelekwe nyuma, vikalipe mahali pale deni lilipofanywa. Nick anapomwonya kuwa mtu hawezi kuyarudia yaliyopita, Gatsby anashangaa, kama mtu aliyeambiwa kuwa haruhusiwi kulipa anachodaiwa.

Lugha yetu inatusaidia kuliona hili kwa wazi. Siku ile ya Hoteli ya Plaza, Daisy yu tayari kumwacha mumewe. Yu tayari kusema, simpendi Tom. Mtu mwingine yeyote angetosheka, akamshika mkono, wakaondoka. Gatsby hatosheki. Ataka neno jingine: sikumpenda kamwe. Kati ya simpendi na sikumpenda kuna silabi moja tu, lakini ndani ya silabi hiyo mna miaka mitatu ya ndoa. Daisy anajaribu kulisema, kwa shida. Ndipo Tom anapomkumbusha siku moja alipombeba mikononi ili viatu vyake visilowe, na bibi hawezi kuendelea. Anakiri kuwa aliwapenda wote wawili. Tom, mtu mwenye hawara, mkali, asiye na huruma, anashinda kwa sababu ana siku ya kweli ya kutaja. Gatsby ana mwezi wa ndoto, na siku moja ya viatu vikavu inaupita.

Sarufi yetu ina jambo jingine la kutufundisha. Walimu wa zamani walitufundisha kutofautisha -nge- na -ngali-. Asemaye, angengoja ningemwoa, ameacha mlango wazi. Asemaye, angalingoja ningalimwoa, ameufunga, kwa kuwa wakati wa kungoja umekwisha. Najua kuwa wasemaji wengi siku hizi huzichanganya nyakati hizi mbili, na sina nia ya kugombana nao hapa. Lakini Gatsby ndiye mfano wa mtu aliyezichanganya katika maisha, wala si katika maneno tu. Maisha yake yote yamo katika -ngali-, naye anayaishi kama -nge-. Tazama anavyomtazama mtoto wa Daisy. Anapoletwa msichana yule mdogo sebuleni, Gatsby anamkodolea macho kwa mshangao, na msimulizi ahisi kuwa hakupata kuamini hata siku moja kwamba mtoto huyo yuko. Mtoto ni -ngali- yenye miguu miwili. Haiwezekani kumwambia kuwa miaka mitatu haikupita.

Nategemea pingamizi moja, nalo ni zito. Msomaji atasema: tamaa ya Gatsby ilianza kabla ya Daisy. Ni kweli. Jina lake la kuzaliwa ni James Gatz, mwana wa wakulima wasiofanikiwa wa North Dakota. Alijipa jina jipya akiwa na miaka 17, alipoiona merikebu ya tajiri Dan Cody ikitia nanga katika Ziwa Superior. Aidha, baada ya kifo chake babaye analeta kitabu cha hadithi alichokuwa nacho utotoni, na ndani yake imeandikwa ratiba ya siku, ya mwezi wa Septemba 1906: saa ya kuamka, saa ya mazoezi ya mwili, saa ya kusoma, pamoja na maazimio ya kujitengeneza. Basi, je, Daisy hakuwa jina tu lililobandikwa juu ya tamaa ya zamani ya ukubwa?

Najibu kuwa ratiba ile yathibitisha hoja yangu badala ya kuibomoa. Kijana wa mwaka 1906 aliyatazama ya mbele. Aliamini kuwa kesho hulipwa kwa kazi ya leo, imani ambayo nchi yake ilimfundisha tangu kitabu chake cha kwanza cha shule. Merikebu ya Cody nayo ilikuwa mbele yake majini. Hata alipodhulumiwa urithi wa dola 25,000 aliouachiwa na Cody, hakugeuka nyuma kuulilia. Ni Louisville iliyomgeuza shingo. Alipomkumbatia Daisy, asema msimulizi, aliifunga fikira yake yote ya ukubwa katika kiumbe kimoja chenye kufa. Na alipompoteza, kesho yake yote ilibaki nyuma yake. Ipo picha moja isiyonitoka: Gatsby, karibu na mwisho wa mshahara wake wa jeshi, arudi Louisville wakati Daisy yuko safarini na mumewe mpya. Anazunguka mitaani, kisha anapanda treni, anakaa penye kipenu wazi cha behewa, na mji unapokimbia ananyosha mkono kama anayetaka kuchota hewa ya mahali pale. Mtu aliyekaa hivyo husafiri mbele huku akitazama alikotoka. Hiyo ndiyo hali ya Gatsby tangu siku ile mpaka risasi.

Kwa nini basi deni halikulipika? Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja, nayo ni wakati. Sababu ya pili ni fedha yenyewe. Marekani ilipiga marufuku pombe tangu Januari 1920 mpaka Desemba 1933, na katika pengo hilo kati ya sheria na kiu ya watu wengi walitajirika. Gatsby ni mmoja wao. Tom anamfichua mbele ya Daisy kuwa yeye na wenzake wameuza pombe kwa siri kupitia maduka ya dawa. Dola ni dola, asema muuzaji. Lakini watu wa upande wa Tom wana pua kali: hujua fedha iliyozaliwa na fedha, na hujua fedha iliyozaliwa juzi. Gatsby mwenyewe ndiye anayemweleza Nick kuwa kinachovuma katika sauti ya Daisy ni mali; lakini hatambui kuwa mali hiyo si ya namna yake. Alimdanganya binti kuwa ni wa tabaka lake. Miaka mitano baadaye, na jumba na magari na mashati, bado si wa tabaka lake. Amelipa deni kwa sarafu ambayo mwia haipokei.

Hapa fikira ya msomaji wa Kiswahili haiwezi kuacha kwenda Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi yapata miaka mia mbili iliyopita, alisimama naye mbele ya majumba ya matajiri, mahali palipokuwa na taa, mito na vicheko, na sasa pana popo na ndege. Jumba la Gatsby laishia hivyo hivyo: taa zazimwa, vyumba vyajaa vumbi, majani ya bustani yarefuka. Lakini kazi ya kumbukumbu katika vitabu hivi viwili yapishana. Malenga wa Pate auonyesha moyo wake yaliyopita ili uachane na dunia. Magofu ni mwalimu, na mwanafunzi ni moyo mkaidi. Gatsby ayatazama yaliyopita ili ayaingie tena na kufunga mlango. Sisemi kuwa mmoja aliathiriwa na mwingine, maana hapana njia iliyowaunganisha. Nasema kuwa tukiviweka vitabu hivi pamoja darasani, kila kimoja humulika mwenzake. Al-Inkishafi yatuonyesha swali ambalo Gatsby hakujiuliza hata mara moja: wako wapi waliokuwa hapa kabla yangu?

Haifai kumsifu mtungaji pasipo kutaja upungufu wake. Meyer Wolfshiem, mshirika wa Gatsby, amechorwa kwa dharau ya kikabila dhidi ya Wayahudi ambayo ilikuwa ya kawaida katika zama zile, lakini ukawaida wake hauifanyi kuwa haki. Myrtle na mumewe, watu wa bonde la majivu, wapewa nafasi ya kufa zaidi ya nafasi ya kusema. Na Daisy mwenyewe? Twamwona kwa macho ya wanaume watatu: mmoja amemwoa, mmoja amemwabudu, mmoja anatusimulia. Ni desturi kumlaumu kuwa ni mwepesi wa moyo. Nami nilimlaumu hivyo nilipokuwa kijana. Sasa, nikiwa mtu wa makamo, nasoma tena usiku wa kabla ya harusi yake, alipolewa akiwa na barua mkononi, na mkufu wa lulu wa dola 350,000 umetupwa, kisha akauvaa mkufu, na kesho yake akaolewa. Namwona mtu aliyelipa gharama yake kimya, akaendelea kuishi. Gatsby anamtaka aufute usiku ule na kesho yake. Hamwulizi ilikuwaje. Katika kitabu kizima, mtu anayesemwa kuwa alipenda kuliko wote hakupata kumwuliza mpenzi wake habari za miaka mitano aliyoishi mbali naye. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo kosa lake kubwa, kuliko pombe na kuliko uongo.

Mwisho wa mambo ni mazishi. Mamia waliokula na kunywa kwake hawakuja. Mmoja wao, aliyekaa katika jumba lile kwa majuma, alipiga simu, lakini haja yake ilikuwa viatu vyake alivyovisahau. Daisy hakupeleka ujumbe wala ua. Walikuwako Nick, watumishi wachache, tarishi, mgeni mmoja aliyewahi kuvistaajabia vile vitabu vya maktaba, na Henry Gatz, baba mzee aliyesafiri kutoka Minnesota, akiwa na picha ya jumba la mwanawe iliyochakaa kwa kuonyeshwa watu. Mzee yule analiamini jumba. Katika mvua ya makaburini ndiye peke yake aliyefika kwa jina la kweli la marehemu.

Je, Gatsby ni mkuu, kama kitabu kinavyomwita? Nick anampa heshima hiyo kwa sababu alikuwa na kipawa cha kutumaini ambacho hakukiona kwa mwingine. Nakubali kuwa kutumaini ni kipawa. Lakini tumaini huelekea mbele, na la Gatsby liliwekewa uso nyuma. Ndiyo maana nguvu zake zote, za ratiba ya alfajiri, za vita, za biashara, hazikumfikisha mahali. Wanafunzi wanaponiuliza kama yatupasa kumcheka au kumlilia, huwajibu kwa methali ya wazee, kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kisha huwaomba waitazame methali hiyo vizuri. Haisemi kuwa maji hayakuwa matamu, wala haimkatazi mwenye kiu kurudi kisimani. Yamkataza kupiga magoti juu ya udongo uliolowa. Gatsby alipiga magoti pale miaka mitano, akiwa na ndoo ya dhahabu mkononi.